Bibi Harusi wa Kijani

Kwetu siku ya singo, bibi harusi anaposingwa, mwanamme hapandi ngazi. Hata baba yake bibi harusi, ambaye ndiye aliyelipia mchele, ng'ombe na maturubai, siku hiyo alikomea barazani na kikombe chake cha kahawa, na akitaka kitu anamtuma mtoto. Kwa hiyo suala la nani atapiga video huko juu lilikuwa na jibu kabla halijaulizwa. Awe mwanamke, tena wa ndani. Mpiga video wa kukodi angekuja siku ya ukumbini. Mambo ya singo hayatiwi kwenye kompyuta ya mtu baki.

Na video lazima iwepo. Dada yetu mkubwa yuko Muskati, magoti hayamruhusu tena kupanda ndege, na yeye ndiye aliyemlea bibi harusi tangu anatambaa mpaka anaingia skuli. Alikwisha sema kwa simu, mbele ya mashahidi, kwamba asipoiona harusi mwanzo mpaka mwisho, basi asihesabiwe kuwa alialikwa.

Kura ikamwangukia mtoto wa dada yangu wa tatu, binti aliyekuwa amerudi likizo kutoka chuoni Dar es Salaam na kamera ya kuazima. Kamera nzuri, nyeusi, ya kubadilisha lenzi, na mwenyewe ana hamu ya kazi. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba nyumba ya Mji Mkongwe, mbele ya kamera, si nyumba moja.

Yetu iko Kiponda. Ukiingia mlango mkubwa unaikuta sebule yenye giza mchana kutwa, imewashwa globu moja ya kizamani, ya manjano, ambayo mwenye nyumba hataki ibadilishwe. Nyuma yake kuna ua wa ndani, wazi mpaka juu, unaopokea nuru ya mbingu tu, maana jua lenyewe hufika chini adhuhuri kwa muda mdogo likaondoka. Panda ngazi: chumba cha kwanza kina taa ndefu ya tyubu. Cha mbele, kinachotazama njia, kina vioo vya rangi juu ya madirisha, vyekundu, vya kijani, vya manjano, kama zilivyo nyumba nyingi za hapa zilizojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi. Halafu paa. Jicho la mtu hupita kote humo na shuka nyeupe likaiona nyeupe, kwa sababu ubongo unaisahihisha kimyakimya bila kumwuliza mwenyewe. Kamera inaandika nuru ilivyoikuta, na nuru ya kila chumba ina rangi yake.

Mwari alikalishwa mkekani chumba cha tyubu, ndicho chenye nafasi. Somo wake, mwanamke wa makamo ambaye mikono yake imeshapitia wari wengi wa mtaa ule, alikuwa amesaga liwa, amechanganya na waridi kavu na karafuu na vingine ambavyo hasemi, na pembeni ana bakuli jeupe la kauri lenye dalia iliyorojwa kwa marashi. Dalia ni ya manjano, manjano ya kung'aa. Mwari akipakwa anawaka. Chetezo kinafuka udi, watu wanaimba, vigelegele mpaka njiani, na binti yetu anazunguka na kamera ikiwa kwenye oto, vilevile kama alivyoiazima.

Asubuhi yake tukakusanyika mbele ya televisheni na chai ya tangawizi na vitumbua, tuitazame kabla haijapelekwa Muskati. Bibi harusi alikuwa wa kijani.

Si kijani cha kutafuta kwa tochi. Mashavu ya kijani, mabega ya kijani, dalia yenyewe imekuwa rangi ya ndimu. Na kila kamera ilipoelekea dirishani, mwari aliacha kijani akaenda polepole kwenye zambarau. Kamera ikirudi, naye anarudi, katikati ya wimbo, bila mtu kumgusa.

Wifi ya dada yangu, yaani shangazi yake bibi harusi, aliweka kikombe chini. "Huyu mwari au shokishoki bichi?"

Hakucheka mtu. Kesi ikafunguliwa papo hapo. Mama yangu, ambaye nyumba nzima inamwita Bibi, alisema ni kijicho, akaagiza makaa na ubani. Shangazi akasema ni dalia, dalia ya siku hizi inachanganywa. Somo akajibu kwamba dalia ameinunua yeye mwenyewe kwa mtu wake wa miaka yote pale Darajani, na anayeitia ila dalia anamtia ila yeye. Wakaondoka wawili hao, mabuibui na hasira, mpaka dukani. Nasikia yule mzee wa watu aliinusa, akaionja, akajipaka mkononi, akatoka nje akasimama juani mbele ya wapita njia na mkono wa manjano, akaapa. Mama wa bibi harusi hakusema kitu. Alikaa anamtazama mwanawe kwenye televisheni, kisha anamtazama mwanawe pale mkekani, mzima, hana kijani hata chembe. Binti wa kamera alikuwa jikoni analia.

Nikasema aulizwe Mjomba. Mjomba ni mdogo wake Bibi, na ujana wake wote aliumaliza nyuma ya kamera za Televisheni ya Zanzibar. Lakini Mjomba yuko barazani, na video haiwezi kwenda barazani: humo mna wake za watu vichwa wazi. Wala yeye hawezi kupanda. Akatafutwa mjukuu wa kiume wa miaka saba, ambaye bado ana ruhusa ya pande zote mbili, akafanywa mjumbe.

"Babu anauliza, taa gani?"

"Mwambie ndefu."

Akashuka, akapanda. "Babu anauliza, inaunguruma?"

Tukanyamaza, tukaisikiliza. Inaunguruma.

"Babu anauliza, na dirisha lilikuwa wazi?"

"Wazi."

Safari ya mwisho alirudi anahema. "Babu anasema kijani kimo ndani ya taa. Watu hawakioni, mashine ndiyo inakiona."

Bibi akaongeza ubani. "Nilikwambieni mie," alisema.

Nilishuka mwenyewe. Mjomba akanieleza kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo kwa vijana wengi. Ndani ya tyubu mna mvuke wa zebaki. Umeme ukipita, mvuke unatoa mionzi isiyoonekana. Mionzi ikiugonga ule unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo, unga ndio unaotoa nuru tunayoiona. Lakini unga hautoi rangi zote kwa mtiririko mmoja kama jua. Unaruka, na kwenye kijani ndipo unaporuka juu sana. Jicho linazoea mara moja. Kamera iliyo kwenye oto inabahatisha: inaitazama picha nzima, inachukulia kwamba rangi zote zilizomo zikichanganywa zitatoa kijivu, kisha inavuta mpaka kijivu hicho kipatikane. Ukiijaza dalia, kanga nyekundu na mkeka wa rangi, hesabu yake inakwenda kombo. Ukiigeuza dirishani, inaanza hesabu upya. Ndiyo ile safari ya kijani na zambarau iliyokuwa ikifukiziwa ubani.

Hapa akaingia kwenye hadithi yake aipendayo, na mara hii nilimwachia, kwa sababu inahusu. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara haikuwa na televisheni ya aina yoyote mpaka 1994. Kwa hiyo wapiga picha wa Unguja walianza kugombana na rangi miaka ishirini hivi kabla ya wenzao wa Dar es Salaam kupata kitu cha kugombania, na Mjomba huisema hesabu hiyo hata akiulizwa bei ya samaki. Kazi ya kwanza ukifika mahali, alisema, hata kama kiongozi keshasimama, ni waiti balansi. Mtu anashika karatasi nyeupe palepale atakapokaa msemaji, chini ya taa ileile. Unaijaza kwenye kioo chote cha kamera, unabonyeza kitufe. Umeiambia mashine: nyeupe ya hapa ndiyo hii. Ukitoka ndani ukaenda nje, karatasi tena. Mtu akiwasha taa nyingine, karatasi tena. Na kwenye filamu hata kitufe hakikuwepo. Filamu ya rangi ilitengenezwa ama kwa jua ama kwa taa, na ukitumia ya jua ndani ya nyumba ulilazimika kuweka kioo cha buluu mbele ya lenzi.

Ngazini kwetu imetundikwa picha ya harusi ya Bibi, iliyopigwa Capital Art Studio, ile aliyoifungua Ranchhod Oza hapa mjini mwaka 1930. Nyeusi na nyeupe. Zama hizo mtu angeweza kuwa wa buluu asijulikane.

Rangi ya nuru, Mjomba akaendelea, hupimwa kwa kelvini, kipimo kilichochukua jina la Lord Kelvin, yaani William Thomson, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Asili yake ni kitu kinachopashwa moto: mwanzo kinakuwa chekundu, kikizidi kinakuwa rangi ya chungwa, kikizidi cheupe, na mbele ya hapo kinaelekea buluu. Mwali wa mshumaa au kandili uko kwenye 1,900 hivi. Globu ya sebuleni kwetu 2,700. Jua la adhuhuri 5,500. Kivuli kinachoangazwa na mbingu peke yake, kama ule ua wetu wa ndani, hupita 7,000.

Shangazi, aliyekuwa amerudi kutoka Darajani bila ya ushindi, alisimama mlangoni akasikiliza. "Ati kivuli kina moto kuliko mshumaa?"

"Kwa rangi yake, ndiyo dada."

"Basi nyie watu wa televisheni mna mambo." Akapanda.

Usiku wa hina binti alikuja amejizatiti. Ameshajua kitufe kiko wapi na ameshaapa kwamba oto haiwashi tena. Alichokosa ni karatasi. Nyumba yenye harusi ina kila kitu isipokuwa karatasi safi. Zilizopo zote zimeshaandikwa madeni. Akaangaza macho, akaiona kanzu ya kaka yake bibi harusi imetundikwa mlangoni, imepigwa pasi, tayari kwa nikaha. Akaijaza kwenye kioo, akabonyeza.

Sasa kanzu ile, kama kanzu nyingi za heshima za hapa kwetu, si nyeupe. Ni rangi ya malai. Ina umanjano kidogo, na huo ndio uzuri wake. Kamera ikiambiwa kwamba umanjano huo ndiyo nyeupe, inatia buluu mpaka uondoke, na buluu hiyo haiishii kwenye kanzu: inakimwagikia chumba kizima. Hina nyekundu ikafifia ikawa kahawia, midomo ikaingia zambarau, na mama mtu alipochungulia kwenye kioo kidogo akasema, "Astaghafirullah, mwanangu ana baridi."

"Kama mnataka nyeupe si mseme," alisema Bibi, akafungua kabati.

Shuka za Bibi zina sifa mtaa mzima. Anazifua mwenyewe, na maji ya mwisho anayatia bluu, ile ya kufulia, kiasi anachokijua yeye. Zikianikwa juu ya paa, majirani huzitaja. Akaleta moja, akaikunjua mbele ya kamera kwa mikono miwili. Binti akabonyeza. Buluu ikatoka chumbani, lakini haikutoka peke yake: kila mtu akaingia manjano, vitambaa vya meza manjano, meno manjano. Mantiki ni ileile imegeuzwa. Shuka ina buluu ndani yake. Ukiiambia kamera kwamba hiyo ndiyo nyeupe, inaifuta buluu kwa kumwaga manjano.

Binti aliielewa upesi sana, nikamwona usoni. Tatizo likawa nani atamwambia Bibi kwamba shuka yake si nyeupe.

Watoto wake tulitazamana. Wajukuu wakatazama chini. Hatimaye Shangazi, ambaye si mtoto wake na siku ile alikuwa na deni la kulipiza, akasema, "Shuka ina bluu hii, Bi mkubwa."

"Bluu ndiyo inayoifanya nyeupe," alisema Bibi.

Na wallahi wote wawili walikuwa na haki. Pamba ikichakaa hugeuka manjano, na bluu kidogo inaufuta umanjano ule machoni pa mtu; ndiyo kazi yake tangu enzi za bibi zetu. Sabuni nyingi za unga za siku hizi zinafanya jambo hilohilo bila kutangaza: zina dawa inayomeza mionzi ya jua isiyoonekana na kuirudisha ikiwa nuru ya buluu. Jicho hulipenda sana hilo na kulisifia kwa jirani. Mtu wa kamera anataka kitu kisichoegemea rangi yoyote, na kitu cha namna hiyo ndani ya nyumba ya watu ni adimu kuliko nilivyodhani. Mama wa bibi harusi akapendekeza ukuta; ukuta ni wa chokaa ya miaka mingi, umeshanyonya unyevu na chumvi, umekuwa rangi ya ukingo wa jibini. Mtu akataja sukari. Mwengine akaleta unga wa ngano kwenye sinia. Shangazi akatoa leso yake, ikaonekana kwa nuru ile kwamba ni ya waridi. Mjumbe wetu wa miaka saba akaja na shati lake la skuli; hilo halikujadiliwa. Bibi amekaa kimya na shuka mapajani, anaikunja upya, pembe juu ya pembe, na kila pembe ni hukumu.

Somo ndiye aliyelimaliza. Alichukua lile bakuli la kauri, akalisuuza, akalifuta kwa upande wa kanga yake, akalishika karibu na uso wa mwari. Hakusema neno. Kauri nyeupe isiyo na nakshi haina bluu wala haijui sabuni ya unga. Binti akasogea mpaka bakuli likajaa kioo, akaweka kidole kwenye kitufe, na hapo umeme ukakatika.

Watu wa mji huu hawatishiki kwa giza. Kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari kutoka Bara ulipoharibika, kisiwa kizima kilikaa bila umeme karibu miezi mitatu, na watu waliozwa, wakazaliwa na kuzikwa kwa jenereta na kandili. Kandili zikashushwa, zikawashwa, zikapangwa kumzunguka mwari. Binti akainua bakuli tena aanze upya. Mjumbe akatokea mlangoni.

"Babu anasema kwa kandili usiweke nyeupe. Anasema mwache awe wa moto."

Sijui Mjomba alijuaje kwamba mkono ulikuwa umeshafika kwenye kitufe. Nadhani ni uzoefu. Nuru ya kandili ina buluu kidogo mno. Ukiilazimisha kamera iione nyeupe, inabidi ikikuze kile kidogo cha buluu ilichokipata, na pamoja nacho inakuza mchanga wote wa giza, picha ikajaa vumbi linalotembea. Tena usiku wenyewe unapotea. Alichoagiza ni kamera iwekwe kwa mkono kwenye 3,200 na iachwe hapo, ili weupe usiwe kamili na udhahabu wa kandili ubaki. Ikawa hivyo. Hina ikarudi kuwa hina, dhahabu ya shingoni ikawa dhahabu, na nyuso za wale wanawake, weusi na maji ya kunde, zikang'aa. Kwa rai yangu hiyo ndiyo sehemu bora ya harusi nzima, na aliyeipanga ni shirika la umeme bila kujijua.

Nikaha ilifanyika mbele ya nyumba, chini ya turubai. Kamera alipewa kaka yake bibi harusi, na safari hii karatasi ya printa ilinunuliwa, rimu nzima, baba mtu alisisitiza. (Nazo karatasi hizo nyingi zina dawa ileile ya sabuni, lakini kwa kazi ya nyumbani zinafaa. Bora zaidi ni kadi ya kijivu ya wapiga picha.) Sisi tuliangalia kutoka madirishani. Turubai lilikuwa la buluu, la plastiki, na njia yetu ni nyembamba, kwa hiyo jua liliingia upande mmoja tu. Sheikh ana bega la jua na bega la turubai. Ukiweka nyeupe kwa jua, nusu ya wanaume wako chini ya maji. Ukiweka kwa turubai, nusu ya pili wanaungua. Hapa hakuna kitufe. Nuru ya aina moja, hata ikiwa ya ajabu, kamera mara nyingi inaweza kuelekezwa. Nuru mbili kwenye uso mmoja haziwezi kupatanishwa, wala baadaye kwenye kompyuta, ila kwa kazi ya kupaka uso kipande kwa kipande.

Turubai likaombwa lishuke. Baba akakataa: limelipiwa, na wingu lile pale. Bwana harusi keshafika Mkunazini na watu wake. Katikati ya mabishano dirisha la juu likafunguka, na shuka zikaanza kushuka, moja baada ya moja, zote za kabatini.

Turubai likashuka, nazo zikafungwa dirisha kwa dirisha juu ya njia. Jua likapita kwenye pamba likatawanyika, likawa nuru moja laini kwa kila mtu, sheikh, mashahidi, bwana harusi na watoto. Kama bluu ya Bibi iliwatia rangi, iliwatia wote sawasawa, na karatasi iliyoshikwa chini yake ikaifuta kwa kubonyeza mara moja. Bibi alikaa dirishani muda wote wa nikaha anapokea salamu. Shangazi alimpelekea sherbeti kwa mkono wake mwenyewe. Mvua haikunyesha.

Ikabaki ile video ya kijani. Singo haiwezi kurudiwa, mwari ameshakwenda kwake. Binti akaweka kompyuta kwenye meza yetu ya chakula na akaanza kusahihisha. Kijani dawa yake ni majenta, ile rangi iliyo baina ya waridi na zambarau: unaiongeza kidogokidogo mpaka kijani kinyamaze. Lakini video ya kamera kama ile imeshapikwa. Rangi imeamuliwa ndani ya kamera, imebanwa ili faili liwe dogo, na kila moja katika nyekundu, kijani na buluu imebakishiwa ngazi 256 tu. Picha mgando ghafi inakuachia uamue nyeupe baadaye. Hii ukiivuta mbali inachanika, mashavu yanafanya viraka. Na pale oto ilipohama katikati ya wimbo, ilibidi akate vipande na kila kimoja akipe dawa yake.

Programu yake ina duara la kupimia rangi, na ndani ya duara kuna mstari mmoja. Ngozi ya binadamu yeyote huangukia karibu na mstari ule. Tunachotofautiana sana ni giza na mwanga, si mwelekeo wa rangi yenyewe. Jambo hilo lilinifurahisha mno. Kwenye chumba kile mlikuwa na asili za Ngazija, za Bara, za Hadhramaut na za Gujarat, na kwenye duara wote wamejipanga safu moja. Binti akamvuta mwari mpaka naye akakaa juu ya mstari. Kijani kikatoka. Uso safi, wa kila siku. Akatuita.

Mama alishukuru Mungu. Shangazi akasema, "Sasa huyu ndiye wetu." Somo aliinama karibu na kioo akatazama kwa muda.

"Dalia yangu iko wapi?"

Kweli haikuwepo. Mwari aliyepakwa dalia hapaswi kukaa kwenye mstari wa ngozi, kwa sababu kinachoonekana si ngozi yake. Programu ilikuwa imeoga uso ule vizuri kuliko maji. Somo akasema kama ni hivyo angelala kwake, asingetwanga liwa siku zote zile mpaka bega likafa ganzi, na kwamba dada wa Muskati akiona mwari hana dalia atauliza ni somo gani aliyewekwa. Ikawa kesi nyingine, na safari hii Bibi alikuwa upande wa Somo.

Lakini bakuli lilikuwemo kwenye picha. Pale pembeni ya mkeka, ukingo wake mweupe unatokeza juu ya dalia, karibu kila kipande. Binti akaacha uso. Akachukua kile kidude cha kunyonyea rangi, akakigusisha kwenye ukingo wa bakuli, akaiambia programu: nyeupe ya chumba kile ndiyo hii. Kijani kikaondoka ukutani, kwenye kanga, kwenye moshi wa udi, na mabegani kwa mwari ikawaka dalia, ya manjano, ya Darajani. Somo akasema, "Eh, ndiyo hiyo," akaomba chai. Upande wa dirisha palibaki zambarau kidogo kwenye sikio. Nilisema paachwe, na pakaachwa.

Ikatiwa kwenye flashi, ikapewa msafiri wa Muskati, mwanamke, kwa mkono. Siku iliyofuata, saa saba za usiku, simu ikalia.

"Mbona mnaniletea mtoto wa buluu?" alisema dada yetu.

Binti alikuwa amelala. Simu niliishika mie. Nikamwuliza televisheni yenyewe ni ya lini. Mpya, alisema, kubwa, wanawe wamemnunulia, na picha yake kali kuliko ya duka zima. Nikamwambia amwamshe mwanawe mmoja aingie kwenye menyu ya picha, aiondoe ile hali ya kung'aa ya dukani, achague rangi yenye joto. Nikasikia mabishano, kisha kimya kirefu, kisha kigelegele kimoja, cha mtu mzima aliyeketi.

Basi nyie mnaoletewa harusi za nyumbani huko Muskati, Dubai au London, msimpigie mtoto wa watu simu usiku kabla hamjaigusa televisheni yenu. Nyeupe inayofuatwa na watengenezaji wa video duniani ni ya kelvini 6,500. Televisheni nyingi zinatoka kiwandani zimewekwa juu zaidi ya hapo, ili zionekane kali madukani.